Sauti Elfu Mbili na Mia Nne

Nilinunua kinanda kisicho na uzito.
Hakina mguu, hakina vumbi,
hakina hata mkanda wa kukibebea.
Dola mia moja arobaini na tisa,
na risiti ikaingia kwenye simu saa saba usiku
kama mgeni asiyepiga hodi.

Hapa Oli mtu akinunua mbuzi
humpapasa mgongo, humfunua midomo ahesabu meno,
humtembeza hatua kumi aone kama anachechemea.
Mimi nilinunua mbuzi ndani ya gunia,
na gunia lenyewe nilionyeshwa picha tu.

Siku mbili kukipakua.
Bando la kwanza liliisha kwenye asilimia sitini na moja,
la pili nikakopa,
umeme ukakatika kwenye tisini na nne,
nikakaa gizani kompyuta kifuani
kama anayepima homa ya mtoto.

Kikafunguka.
Sauti elfu mbili na mia nne!
Ya kwanza iliitwa Mapambazuko ya Barafu.
Ya pili, Kanisa Chini ya Bahari.
Ya tatu, Afrika.
Nikaibonyeza Afrika kwa kidole kimoja, kwa adabu.
Ikatoka filimbi, kishindo cha mbali,
kisha mtu akapumua.
Sijui ni nani. Si wa huku.

Jioni nikaijua siri yake:
kila sauti imevikwa mwangwi,
kitambaa juu ya kitambaa, kama bibi harusi.
Nikaanza kuvua. Nikazima mwangwi,
nikazima upana, nikazima ule mng'aro,
na ndani kabisa, uchi, nikamkuta mbu.
Mbu yuleyule
niliyemkuta ndani ya kinanda cha mwezi wa tatu
na ndani ya kile cha Krismasi.

Ulikuwa unatafuta nini, Zamida?
Kuna besi niliisikia utotoni:
lori la tumbaku likipanda kutoka mto Enyau,
ngurumo yake ikizigusa sahani kabatini
kabla haijafika masikioni.
Hiyo. Nikiisikia naijua.
Hakuna kitufe chenye jina lake.

Jumatano akaja Onzima. Arusi yake mwezi ujao,
amelipa nusu, nusu ya pili ni mpaka auze simsim.
Nikamwekea Barafu. Akakuna shingo.
Nikamwekea Bahari. Akatazama saa.
Nikamwekea Afrika, akacheka mpaka akakohoa.
Halafu akainua kidole:
"Subiri. Hiyo ya chini. Hiyo nzito.
Hiyo ulinunua shilingi ngapi?"

Nikasikiliza.
Nyuma ya ukuta friji la Khamisa,
lile la soda, lenye tofali mahali pa mguu mmoja,
lilikuwa limeanza kunguruma.

Nililirekodi. Ningefanya nini?
Kipaza sauti juu ya kreti tupu,
Khamisa mlangoni akifukuza watoto
na kuuliza kama friji nalo litalipwa.
Wimbo ukatoka.
Sahani, nakuapia, ziligongana.

Ningependa kukuambia kwamba nilipona.
Lakini Ijumaa likaja punguzo,
nusu bei, mwisho usiku wa manane, sauti elfu tano.
Sikiliza, lilisema tangazo,
sikiliza jinsi besi inavyopumua.
Nikasikiliza. Ilipumua.
Ng'ambo ya ukuta friji likajizima,
kama linavyojizima kila likishapoa,
na katika kimya kile
nikakisikia kidole changu.